Miwani ya Kufutia Machozi

Jumapili, 6 Julai 2025

Visiga nzima hakuna mwanaume mwenye bahati kama mimi, Bundala. Wenzangu wakigombana na wake zao wananuniwa wiki. Mimi? Hajra hamalizi siku. Namtengenezea kitu, anacheka, yameisha!

Leo nimemaliza kijiko chenye feni ya kupoozea uji. Feni inarusha uji ukutani. Safi kabisa. Vitu vya namna hii Wajapani wanaviita chindogu — alinifundisha Mjapani mmoja nilipokuwa kibarua bandarini. (Mimi nimekaa na mataifa yote.) Sheria zake: kitu kifanye kazi kweli, ila ukikitumia uone aibu. Kukiuza ni mwiko. Kikishakuwa na faida, umeharibu.

Hajra alinishonea shati, mimi nikamtengenezea ndala zenye brashi chini — anatembea huku anafagia. Tulipiga picha.

Jumatano, 9 Julai

Msiba. Baba yake Hajra, Mzee Mwinyimadi, amefariki kwao Kisarawe. Hajra ametangulia asubuhi, hajanywa hata chai. Mzee yule ndiye peke yake ukweni aliyeniita mwanangu. Wengine wote — "yule Mnyamwezi".

Nimekaa karakanani. Mikono haitaki kutulia. Miwani kuukuu, mota ya gari la kuchezea, betri, vipande vya sponji. Waipa za machozi! Wazaramo, kabila la kina Hajra, ni watani zetu Wanyamwezi. Mwaka jana kwenye msiba wa jirani mimi na Herman, Mnyamwezi mwenzangu, tulijilaza kaburini, tukagoma kutoka mpaka tuletewe chai. Wafiwa walicheka hadi wakakaa chini. Hajra atacheka.

Alhamisi, 10 Julai

Tumezika baada ya adhuhuri. Chini ya turubai, kimya kizito. Nikavaa miwani yangu, nikawasha. Zzz — zzz. Herman akacheka. Peke yake.

Latifu, kaka yake Hajra, akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Shemeji, vua."

Nikamwambia sisi watani, bwana, jeneza lenyewe nilitakiwa nilizuie!

"Utani uliacha siku uliyooa. Herman mtani. Wewe mkwe. Mkwe anachekesha watu kwenye msiba wa baba mkwe wake?"

Wazee wakatazama pembeni. Hajra aliona toka kwa akina mama. Alijifunika kanga usoni, akaingia ndani.

Wasichojua — nilikuwa nalia kweli. Miwani ilifuta machozi yote, hata moja halikufika shavuni. Imenifaa. Kwa sheria ya Mjapani nimeharibu.

Jumamosi, 12 Julai

Nimerudi peke yangu. Hajra amebaki na mama yake. Sawa, ndiyo matanga.

Uji ule bado uko ukutani.

Jumatatu, 21 Julai

Hapokei simu. Jirani yetu Stellamaris kaja hadi mlangoni, anazungukazunguka maneno.

"Kaka Bundala, Hajra kanipigia. Anaomba nguo zake. Kesho Latifu atazifuata."

Nikasema vizuri, huko Kisarawe usiku kuna baridi.

"Na cherehani, kaka."

Baridi na cherehani wapi na wapi.

Jumanne, 22 Julai

Cherehani nimeifuta vumbi, nimeipaka mafuta, mkanda wa pedali nimeukaza. Ilikuwa inamsumbua tangu Pasaka. Aliniambia mara ngapi? Mimi nilikuwa na kijiko.

Ndala zile nimezikuta chini ya kitanda. Nimezigeuza. Brashi mpya kabisa, hata unywele haujanasa. Nimetoa ile picha yetu, nimeisogeza dirishani. Mimi mdomo wazi, meno yote nje. Yeye anaangalia miguu yake.

Latifu anapiga honi. Kirikuu iko nje, Stellamaris kashika mlango. Latifu anauliza, shemeji, na haya makorokoro uliyomtengenezea tunapakia?

Nimekaa juu ya sanduku la nguo, naandika.

Ile bahati niliyojisifia ni uongo. Hajra hakuwa anacheka. Nilikuwa nacheka mimi.