Mbao za Gari la Bwana Haldeni

Nyaishozi, Karagwe
Alhamisi Kuu, 9 Aprili 1936

Kwa kaka yangu Kashaija,

Shikamoo kaka. Barua hii ikukute unapumua vizuri, na mbu wa huko Kyerwa wawe wamekuachia damu kidogo. Sisi huku tupo, mvua inanyesha kila siku na migomba inashukuru. Mama anakusalimu sana. Mkeo Komujuni anakusalimu, na mwanao ameota meno mawili, anang'ata kila mtu, Mkatoliki na Mluteri. Mimi ni mzima, ila mguu niliojikata kwa tezo haujafunga. Ndiyo sababu naandika badala ya kuja mwenyewe.

Nianze na ile nyumba ya magurudumu unayoiendesha. Unakumbuka Bwana Haldeni, mwajiri wako, alipokuletea lori lisilo na bodi, akaniambia anataka nyumba juu yake, ya kulala, kula na kuhifadhi mawe yake ya madini, ivuke matope na majabali hadi mto Kagera bila kulegea hata msumari. Niliichora kwa mkaa kwenye mlango wa karakana. Sakafu niliinua ili maji ya bwawani yapite chini, meza nikaifanya ya kukunjwa ukutani, pembe nikazifunga kwa chuma cha pipa. Nyumba yote nikaiketisha juu ya boriti mbili za mti wa musambya, nikazibana kwenye fremu ya lori kwa bolti. Watu walitoka hata Omurushaka kuja kuitazama. Kichwa changu kikavimba, siwezi kukataa.

Mama hakuipenda tangu siku nilipokulaza chini nikupime urefu wa kitanda chako. Alisema anayepimwa amelala ni maiti, na mimi mchonga majeneza nilipaswa kujua. Tulimcheka sote wawili. Sasa hapati usingizi. Kila anayetoka Kyerwa, Komujuni hutumwa barabarani kumwuliza kama gari limeonekana, na kama bado limesimama wima. Mimi nimemwacha alaumu kile kipimo.

Mlipolirudisha mwezi wa pili mlango ulikuwa haufungi, nawe ukasema kwenye mteremko sakafu inalia kama mgonjwa. Niliingia chini ya gari peke yangu, nikatoka na kusema ni unyevu tu. Ukaniuliza kama boriti ni nzima. Nikakuapia kwamba ni nzima.

Jana asubuhi kipande kilichobaki cha mti uleule, kilichoegemea ukuta wa karakana bila kubeba hata kikapu, kilipasuka chenyewe toka mwanzo hadi mwisho. Kililia kama bunduki, kuku wote wakakimbilia mgombani. Nikakitia shoka. Ndani kilikuwa kibichi, kinatoa maji.

Basi niseme. Mbao zile hazikukauka miaka miwili kama nilivyomwambia Bwana. Zilikatwa wiki tano kabla. Niliogopa kwamba nikisema kweli kazi ataipata fundi wa Bukoba, nikazifukia kwenye shimo letu la kuivishia ndizi za rubisi, nikawasha moto pembeni, nikafunika kwa majani ya migomba siku sita. Wewe mwenyewe ulipita ukauliza pombe itakuwa tayari lini. Zilitoka kavu juu, ukizigonga zinaitika vizuri, nikajiona nina akili kuliko mafundi wote wa Karagwe. Na ule mwezi wa pili, chini ya gari, niliona boriti ya upande wako ina ufa unaomeza vidole vyangu hadi kiganjani. Niliujaza nta na unga wa mbao, nikapaka rangi ya kijani juu yake. Aibu ilinishinda.

Ndyamukama, anayewapelekea barua, ameniambia Jumatatu ya Pasaka mnaanza kushuka mteremko mkubwa wa kwenda mtoni. Atawafikia Jumamosi, mvua ikimruhusu. Usishuke, kaka. Na hapa nasema na mwingine, kwa sababu wewe hukusoma, na katika kambi yenu yupo mmoja tu anayekusomea barua zako.

Bwana Haldeni, najua sauti inayosema maneno haya ni yako. Nilitaka nimwambie Ndyamukama kwa mdomo, kaka yangu atoroke, nawe usijue kitu. Nikakumbuka kwamba nawe unalala mle ndani. Watoe watu wote garini kwanza, kisha usome tena tangu juu. Ukiniletea askari watanikuta hapa karakanani.

Kaka, mama hajui bado. Nitamwambia leo kabla ya ibada. Wasalimie wenzako wote, kila mmoja kwa jina lake. Usitafute mtu wa kukuandikia jibu. Njoo mwenyewe kwa miguu, hata kama ni kuja kunipiga.

Ndimi mdogo wako,
Yustasi, seremala