Damu Iliyomchukua Taqiya

Jibla

Kwa mama yangu mpenzi,

Amani ya Mungu ikufikie hapo ulipo. Miguu yako inaendeleaje, na baridi ya huko mlimani? Sisi hatujambo. Nimejifungua mtoto wa kiume, mnene. Mume wangu Nashwan anamwita sheikh, maana akilia tu nyumba nzima inasimama.

Uchungu ulinishika siku mbili. Kondo la nyuma lilipotoka nilidhani nimemaliza, kumbe damu ndiyo kwanza inaanza kumiminika. Mama mkwe akasema iachwe, ni damu chafu. Mkunga wa kituoni, Bi Sabah, akamjibu, "Hajjati, hii si chafu. Hii ndiyo inayomweka hai."

Akanikanda tumbo kwa nguvu mpaka nikamtukana. Akasema, "Tukana, mwanangu. Nikikusikia najua upo." Akanichoma sindano, akanitoa mkojo kwa mpira, akamweka mtoto kifuani anyonye. Masikio yalikuwa yakivuma, na Nashwan pale mlangoni nilimwona kama yuko mbali sana. Mwishowe tumbo likawa gumu chini ya kiganja cha mkunga, damu ikapungua.

Nilipopata nguvu, nilimsimulia habari za dada Taqiya: alivyojifungua pacha hapo kwako, ukampa kinywaji cha maganda ya kahawa, na kabla hajakimaliza damu ikamchukua. Bi Sabah akasema, "Kinywaji hakimwagi damu. Mfuko wa uzazi ukibeba pacha, au uchungu ukikawia mno, huchoka. Ukishindwa kujikaza, mishipa hubaki wazi."

Mama, kuna jambo sijawahi kuthubutu kukwambia. Siku ile ulipomwambia shangazi kwamba wewe ndiye uliyemuua Taqiya, nilikuwa nyuma ya pazia. Najua ndiyo sababu hukuja nilipokuita. Sitakudanganya: pengine angepona kama angekuwepo mtu anayejua la kufanya. Hakuwepo. Ulikuwepo wewe, ukamshika mkono mpaka mwisho, na kikombe kile kilikuwa kikombe tu.

Njoo, mama. Mtoto huyu nataka aogeshwe na mikono yako.

Nisalimie pacha, uwabusu wote wawili. Mama mkwe na Nashwan wanakuamkia.

Mwanao akupendaye,
Arwa