Chakula cha Saa Kumi na Robo

Laurel Fork, West Virginia
Novemba 16

Kaka Lowell mpendwa,

Pokea salamu zangu huko Dayton, wewe na wote mnaolala chini ya dari moja. Goti linaendeleaje? Mara ya mwisho kwenye simu uliniambia linakusumbua ukisimama muda mrefu kiwandani, nikasema pole, ukasema ndiyo uzee huo, na mazungumzo yetu yakaishia hapo kama ilivyo kawaida yake. Sisi hatujambo. Majani yameshapukutika, na jana asubuhi bati la kibanda lilikuwa jeupe kwa umande ulioganda.

Najua utashangaa kupata barua. Usiogope, hakuna aliyefariki. Nina habari ndefu ya jikoni, na naomba uivumilie mpaka mwisho.

Ulisikia kwamba mwaka juzi nilianguka kutoka kwenye paa la kanisa tulipokuwa tunaliezeka upya. Tangu hapo mgongo wangu umekataa kunyanyua chochote kilichozidi ndoo ya maji. Ikabidi shemeji yako Tamra aongeze siku za kazi kule anakotunza wazee. Anaingia saa tisa alasiri na kutoka saa tano usiku, siku nne kwa wiki. Kaylin ana miaka kumi na minne na voliboli. Brody ana tisa na mieleka. Na Mama Verna, mama mkwe wangu, amehamia kwetu tangu figo zake zilipoanza kuchoka. Watu watano, kila mmoja na saa yake, na mpishi mmoja aliyejua kukaanga yai tu, tena likiungua upande mmoja.

Mwanzoni tulikula kama watu walio safarini. Piza za kwenye friza, baga za kupokelea dirishani tukiwa ndani ya gari, viazi vya kukaanga ambavyo niliviokota chini ya viti wiki nzima baadaye. Brody akawa anasinzia darasani. Kaylin alikuwa akiumwa tumbo kila siku ya mechi. Tamra alishindia biskuti za mashine kazini. Siku moja akasimama katikati ya jiko, koti bado mwilini, akaniambia, "Denzil, wewe ndiye uliye nyumbani. Tulishe." Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana iliniingia.

Sasa, kaka, mimi sijui kuanza jambo bila kulichungulia kwanza. Unakumbuka tulivyofundishwa kuwinda: usinyanyue bunduki kabla hujajua kulungu anapita wapi na saa ngapi. Basi wiki nzima sikubadili kitu. Nilikaa kwenye kiti changu nikawatazama watu wangu kama wanyama wa porini. Nikagundua jambo ambalo miaka yote sikuliona: katika nyumba yangu hakuna mtu mwenye njaa saa kumi na mbili jioni. Hata mmoja! Brody huingia kutoka shule saa kumi na dakika tano akiwa tayari kula mguu wa meza. Kaylin hupita saa kumi na nusu kwenda mazoezini. Kufika saa kumi na mbili wameshajaza tumbo vitu vya pakiti, ndipo tunapowalazimisha kukaa mezani, wanachezea uma, tunagombana. Tulikuwa tunapika kwa ajili ya saa, hatupiki kwa ajili ya watu.

Nikahamisha chakula kikubwa kuwa saa kumi na robo. Mama Verna alisema huo ni mlo wa kuku, maana kuku ndio wanaokula jua likiwa bado juu. Lakini alikuja mezani. Tamra akawa anabeba supu yake kwenye chupa ya chai, na usiku watoto wakipata njaa kuna tofaa na siagi ya karanga, basi.

Baada ya hapo udadisi ukanishika kama homa. Nilitaka kujua kwa nini maharage ya mama yetu yalikuwa laini na yangu yanalia kama kokoto. Nikabandika sufuria tatu siku moja: moja yaliyolowekwa usiku, moja yasiyolowekwa, moja niliyotia chumvi mwanzoni. Watoto wakawa waamuzi. Kaylin alikataa kuvaa kitambaa machoni, akisema ana heshima zake. Brody alionja zote mara nne, na usiku ule Mama Verna akatangaza kutoka chumbani kwake kwamba aliyefanya utafiti huo sasa aje alale chumba kimoja na mwanawe, tena afungue madirisha. Nikajua kuku mmoja wa Jumapili anaweza kufika Jumatano ukiheshimu mifupa yake. Nikajua kabichi ni rafiki wa maskini, haiozi, hainuni, na ukiikaanga na vitunguu mpaka iwe ya dhahabu hata Brody ataila akidhani ni kitu kingine. Nyama ya kulungu niliyopewa na jirani niliisaga nikaichanganya na shayiri, tukala siku tatu bila mtu kulalamika.

Mpango wa wiki niliubandika kwenye friji. Lakini si kwa maandishi. Nilikata picha kutoka kwenye vipeperushi vya maduka: picha ya kuku Jumapili, picha ya maharage Jumatatu, samaki Ijumaa, na picha ya mpira palipokuwa na voliboli. Watu waliupenda sana. Tamra aliupiga picha akawaonyesha wenzake kazini. Kaylin aliniuliza, "Baba, hii ni sanaa au ni chakula?" Brody akawa anahamisha picha ya kuku kila siku hadi siku ya kesho yake, akidhani mimi nitafuata. Na mimi mara mbili nilifuata.

Yaliyofuata si ya kuchekesha.

Kliniki ilimpa Mama Verna karatasi ya chakula. Tamra aliibandika frijini kando ya picha zangu, akiwa mbioni kwenda kazini, akaniambia kwa kifupi kwamba kubwa ni chumvi, mama apunguziwe chumvi. Nikapunguza. Mama Verna akasema chakula changu sasa kina ladha ya mvua. Nilimhurumia. Mwezi wa pili tangu nianze kupunguza, dukani, niliona kopo lenye picha ya kichupa cha chumvi kilichopigwa mstari mwekundu. Nikamuuliza kijana wa pale kama hii haina chumvi, akasema haina. Nikafurahi kama mtu aliyevumbua moto. Nilimtilia kwenye supu, kwenye viazi, kwenye maharage, kwa mkono mkunjufu. Naye alisifu. Alisema mkwe wake hatimaye amejifunza.

Siku ya sita alishindwa kuinuka kitini. Miguu ilikuwa kama si yake, na nilipomshika mkono mapigo yake yalikuwa yanakwenda mbio, yanasimama, yanakwenda tena. Tulimfikisha hospitali kwa gari la wagonjwa. Daktari mwanamke, mpole, aliuliza alikuwa anakula nini, akaniagiza nilete kila kitu kipya. Nikarudi nyumbani nikaleta lile kopo. Aliligeuza upande wa nyuma, akatusomea: wenye ugonjwa wa figo wasitumie bila ushauri wa daktari. Akaeleza kwamba kilichomo badala ya chumvi ni potasiamu, na figo zikichoka haziwezi kuitoa, inajaa kwenye damu mpaka moyo unapotea njia. Viazi na maharage yale ninayojivunia nayo yanayo kwa wingi. Kisha akauliza kama hatukupewa karatasi. Tulipewa, kaka. Ilikuwa frijini kwangu wiki saba, naigusa kila nikifungua mlango.

Tamra alinigeukia pale kwenye korido. "Denzil, hukusoma?"

Nilikuwa na majibu yangu tayari, yale ya siku zote. Kwamba miwani imepotea. Kwamba herufi ni ndogo. Kwamba nilikuwa na haraka. Nilifungua mdomo nichague moja, na nyuma ya pazia nikasikia mashine inahesabu moyo wa mama yake. Nikamwambia, "Sijui kusoma, Tamra. Sijawahi kujua."

Ndivyo ilivyo, kaka. Nawe hukujua, maana ulikuwa umenizidi miaka sita, na nilipofika madarasa ya juu wewe ulishaanza kazi. Walinipandisha kila mwaka kwa sababu nilikuwa mtulivu na niliutupa mpira mbali. Leseni ya gari nilifanya mtihani wa kuulizwa kwa mdomo. Kanisani wakisoma nilifumba macho, watu wakadhani mimi mcha Mungu. Karatasi zote za nyumba nilimwachia Tamra, na yeye akawa anawaambia wenzake jinsi mume wake anavyomwamini.

Hakunipigia kelele. Alikaa chini akalia, halafu akasema kitu ambacho bado kinanichoma: "Miaka kumi na sita nimekuwa nakuachia vijibarua mezani. Nikidhani hujibu kwa sababu hunipendi vya kutosha kujibu."

Mama Verna alitoka baada ya siku tano. Nilitaka kumwomba radhi, nikawa nimepanga maneno, lakini yeye alinitangulia. Alisema kama ningetaka kumuua ningefanya hivyo kwa yale maharage ya mwanzo. Kisha akaacha mzaha. Aliniambia alifundisha watoto wa Shule ya Jumapili miaka thelathini, na hajawahi kushindwa na kichwa chochote, hata kichwa cha mwezeka mapaa. Tangu siku ile, kila asubuhi nyumba ikishabaki yetu wawili, tunakaa mezani. Mimi namenya vitunguu, yeye anaonyesha herufi kwa ncha ya sindano ya kufumia. Kitabu chetu cha kwanza kilikuwa ile karatasi ya kliniki. Ilinichukua wiki tatu. Nilipofika mstari wa nne, ule unaosema juu ya chumvi za badala, niliomba ruhusa nikatoka nje nikasimama kidogo.

Lakini kaka, hukuniambia kwamba dunia imeandikwa hivi! Kila kitu jikoni kilikuwa kinasema, na mimi nilikuwa kiziwi. Kopo la nyanya linasema kiasi cha sukari iliyomo. Nani anatia sukari kwenye nyanya? Mkate niliodhani ni wa nafaka nzima umepakwa rangi tu. Nimekuwa kero. Nasimama dukani nasoma kwa sauti ya chini, midomo inacheza, na Kaylin anajifanya hanijui. Mpango wa wiki sasa una maneno chini ya picha, kwa mwandiko wangu. Sahani ya Mama Verna ina safu yake: wali, kabichi, tofaa, yai, kuku kidogo. Vipimo vyake vya mwezi wa kumi daktari aliviangalia akasema tuendelee hivyohivyo. Na Tamra bado ananiachia vijibarua mezani, ila sasa vina majibu.

Sasa nifike nilikokuwa naelekea. Mkono umekuwa mzito tangu ukurasa wa kwanza.

Ile barua uliyoniandikia mwaka baba alipofariki, ilinifikia. Wiki mbili baada ya mazishi. Niliufahamu mwandiko wako kwa umbo tu, kama mtu anavyofahamu mwendo wa mtu kwa mbali. Sikuwa na mke bado wa kunisomea. Ningempelekea mama, lakini niliona aibu, na niliogopa huenda umemsema baba humo, mama aumie. Nikaiweka chini ya sanduku langu la nyundo. Nikasema nitaisoma. Ikapita miaka kumi na tisa.

Niliisoma Jumanne iliyopita, mara ya kwanza. Kurasa mbili, asubuhi nzima. Mama Verna nilimwomba aende chumbani kwake, akaenda bila kuuliza.

Sikujua kwamba ulinitafutia kazi pale kiwandani. Sikujua kwamba uliniwekea kitanda. Sikujua kwamba uliandika, nisipokujibu utajua nimekuchukia kwa kuondoka, na hutanisumbua tena. Basi ndiyo maana siku ya mazishi ya mama ulisimama nyuma, tukapeana mikono kama watu wa bima. Mimi nilidhani wewe ndiye uliyetuchoka. Kaka, sikukuchukia hata siku moja. Nisamehe.

Mwisho wa barua uliniuliza swali moja, kama siku zile za mwisho, baada ya yote mliyoambiana, baba aliwahi kukuulizia. Uliandika kwamba ukishajua hilo tu, liwe ndiyo au hapana, utaweza kulala.

Jibu ni ndiyo. Alikuulizia Jumatano, na Alhamisi tena. Alisikia gari linapanda kilima, akauliza kama ni Lowell. Nilimdanganya, nikasema uko njiani. Akaniambia nisogeze kiti kilichokuwa mlangoni, usije ukajikwaa ukiingia gizani. Nikakisogeza. Akakaa anautazama mlango mpaka usingizi ulipomchukua.

Tamra anakusalimu. Watoto wanakusalimu, na Mama Verna anasema nikwambie kwamba makosa ya herufi yaliyomo humu ni yangu, yeye amekataa kusahihisha. Niandikie, kaka. Andika marefu unavyotaka. Ninasoma polepole, lakini nafika.

Ni mimi mdogo wako,
Denzil