Maombi Matatu kwa Kila Kanisa

Jumatatu, 9 Juni

Basi la parokia limeondoka Radom asubuhi. Hatujatoka hata mjini, watu wameshaanza mayai ya kuchemsha. Rozari, mayai, rozari, soseji. Dada yangu Bronka kajipachika kando ya Bi Leokadia, kiti nilichokipigia hesabu tangu mwezi wa tatu. Mimi nimepewa Padre Kajetan, anayekoroma hata akiwa macho.

Niandike wazi, maana hapa hakuna wa kunicheka. Bi Leokadia ni jirani yangu, mlango kwa mlango. Mwanawe Mirek amemtayarishia chumba Gdańsk. Alhamisi tunafika Gdańsk — ama atabaki huko moja kwa moja, ama atarudi nasi. Anasema bado hajakata shauri. Lakini sanduku lake! Tumelibeba wanaume wawili, mmoja mimi. Nani huenda na makoti ya baridi kutazama makanisa mwezi wa sita?

Sitaki aende. Hilo sijamwambia. Ila nina mpango. Bibi zetu wote walitufundisha: ukiingia kanisa usilowahi kulikanyaga, omba mambo matatu, utapewa. Sharti usimwambie mtu. Na ratiba yetu imejaa makanisa tele. Nitaomba jambo moja tu, mara tatu kila mahali, mpaka huko juu wachoke na mimi.

Jumanne, 10 Juni — Toruń

Kanisa kuu la Mtakatifu Yohane. Aibu.

Chai ya Bronka ilikuwa imeshuka yote. Nikaingia nimebana miguu, na kabla sijajizuia nikawa nimeomba choo. Mara tatu. Kwa moyo wote. Nageuka hivi, msimamizi wa kanisa ananinong'oneza kwamba choo kiko uani, mkono wa kushoto. Maana yake sala inafanya kazi! Na mimi nimeimalizia kwenye mkojo.

Bi Leokadia alipiga magoti muda mrefu, macho kafumba, midomo inacheza. Nje nikamwuliza kaomba nini.

"Bwana Eugeniusz, likisemwa linaharibika. Hata mtoto wa komunyo ya kwanza analijua hilo."

Halafu akaninunulia biskuti ya tangawizi yenye umbo la moyo. Nikaitia mfuko wa kifuani. Kisha akampa Bronka moyo. Na Padre moyo. Na dereva.

Jumatano, 11 Juni — Malbork

Ngome ya matofali mekundu, kubwa mpaka shingo inauma. Kiongozi alieleza wale watawa wa upanga walioijenga zamani walilala wapi na walikula nini. Sikusikia kitu. Nilikuwa nangoja kanisa la ngome.

Mlangoni Bronka akapaza sauti, akaniita kwa jina langu la utotoni: "Gienek, hapa si uliletwa na shule? Si ndipo ulipotapika handakini?"

Kweli. Nilishaingia. Nikajitetea kwamba enzi zile lilikuwa gofu la vita, na gofu si kanisa. Kundi likagawanyika palepale. Wengine: kanisa ni msingi, ulishaukanyaga, huna chako. Wengine: kanisa ni paa, mwacheni aombe. Tukaziba mlango, watalii wa Kijerumani wakatungoja kwa adabu. Padre akaitwa aamue. Akasema Mungu si karani wa kugonga mihuri, na kwamba huu ni ushirikina mtupu wa kuuona haya. Kisha akaingia, akapiga magoti, na nikaona vidole vyake vikihesabu — kimoja, viwili, vitatu.

"Aegemee matofali mapya, ya baada ya vita," Bi Leokadia akaamua. "Hayo hajawahi kuyaona."

Nikatafuta matofali mapya. Nikajibandika ukutani ubavu mzima kama mjusi, nikaomba. Wale Wajerumani wakanipiga picha.

Jioni hotelini Mirek akapiga simu. Chumba kimepakwa rangi. Njano. Bi Leokadia akasema njano ni nzuri. Supu yangu ya bitiruti sikuimaliza. Bronka akanifuata ngazini: nimwambie yule mama mwenyewe, mficha uchi hazai. Nikasema nikisema linaharibika. Akasema mimi ndiye nimeharibika.

Sijui. Nyumba ya mbele yangu bila yeye — sitaki kuifikiria.

Alhamisi, 12 Juni — Gdańsk, ndani ya kanisa la Bikira Maria

Mirek alikuwa ametangulia. Sanduku la mama yake limeshaingia garini. Kijana mwema, mpole, na hilo ndilo linaloniudhi. Basi letu linaondoka sasa hivi.

Na kanisa hili nalijua! Nilitumikia jeshi mji huu, kila Jumapili nilikuja hapa kukimbia baridi. Siku niliyolihitaji ombi kuliko zote, sina ombi. Basi nikazunguka nje nitafute mlango ambao sijaupitia. Nikajaribu vitasa. Muuza shanga za kaharabu mmoja akaniangalia kama mwizi. Mwishowe mlango mdogo wa pembeni ukafunguka, nikaingia kinyumenyume, kwa uhakika zaidi.

Nikamgonga mtu. Bi Leokadia. Kofia imemkaa upande, vumbi la ukuta begani.

Nikamwuliza anafanya nini huku. Akasema milango mingine yote alishaipita, alipokuja ubatizo wa wajukuu.

Tukapiga magoti pamoja. Nikaanza kimoyomoyo, kumbe maneno yamenitoka mdomoni: "Usihame, Bi Leokadia." Kwa sauti. Kanisani. Nimeliharibu! Nilitaka kuinuka nikimbie, goti likakataa.

Hakunitazama. "Ngoja," akasema, "sijamaliza la tatu."

Akanishika mkono aniinue hadi kwenye benchi. Tumekaa. Bado hajasema kama atabaki au atarudi. Ameuliza naandika nini, nimemjibu sala. Simu inalia mkobani mwake, haipokei. Padre yuko mlangoni anahesabu watu, na ni dhahiri hawatimii. Mwandiko huu hata mimi sitausoma, maana naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia anao yeye.