Hanyanyuki Mtu

Dodoma, 26 Mei

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi zinaenda. Mguu unaendeleaje? Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unanikatiza.

Mama kaniambia yote. Ati juzi alipotoka, ulishuka ngazi za gorofa kwa makalio, hogo la plasta mguuni, ukaenda dukani kumfokea Beno kwa kupanga mabeseni vibaya. Baba, daktari alisema wiki sita mguu uwe juu ya mto, la sivyo unarudi kupasuliwa. Harusi yangu ni tarehe 12 Julai. Nimekataa kuingizwa kanisani na baba mdogo. Nataka wewe, kwa miguu yako. Nakuomba ukae.

Mwanao,
Fortunata

Kariakoo, 9 Juni

Mwanangu Fortunata,

Marahaba. Sote wazima, mama yako anakusalimu. Nimekaa, tena mpaka kochi limebonyea upande wangu.

Wa kulaumiwa ni Abdulatif, fundi cherehani wa hapa chini, aliyejifunza kriketi utotoni kule Upanga. Alikuja kunipa pole, akawasha televisheni: Waingereza na wageni wao. Mechi moja, siku tano! Siku ya pili nilidhani ni marudio.

Saa saba mchana feni linazunguka, mguu uko juu ya mto, kashata mkononi, na huko nje wauza nguo wanatangaza bei kwa spika wala hainihusu. Wachezaji wenyewe wanasimama kula, wanacheza kidogo, wanasimama tena kunywa chai. Miaka thelathini ya duka sijawahi kunywa chai nimekaa. Naona raha mpaka naona aibu.

Ila Abdulatif ana sharti. Wale wapigaji wawili wanaosimama pamoja katikati ya uwanja wakianza vizuri, wakaelewana, hapa nyumbani hanyanyuki mtu. Ukinyanyuka, mmoja anatolewa. Jumamosi nilisimama kuchungulia duka dirishani, na mpigaji akatolewa hapo hapo. Abdulatif hakunisemesha mpaka mapumziko ya chai. Tangu siku hiyo sithubutu.

Baba yako,
Melkiori

Dodoma, 23 Juni

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mguu unapona. Lakini Mama analalamika. Kamati ya harusi ilipokuja Jumapili uliwanyamazisha wote, na mwenyekiti ukamkataza hata kwenda msalani.

Halafu mchumba wangu Allan ameangalia ratiba. Tarehe 12 Julai Waingereza wanacheza, siku ya tatu. Yeye amecheka, mimi nimelia kidogo. Baba, utakuja?

Mwanao,
Fortunata

Kariakoo, 17 Julai

Mwanangu Fortunata,

Natumaini mlifika Dodoma salama na mkwe wangu hajambo. Sisi wazima. Mguu haukuvimba, hata baada ya kucheza vile ukumbini. Nilipokushika mkono pale mlangoni nilifurahi sana, nikatamani tusifike haraka mbele.

Sasa, jana Abdulatif aliniachia simu yake niangalie matokeo. Nikakuta ujumbe wako wa Mei: "Shikamoo mzee Abdulatif. Mtafutie Baba mchezo mrefu, halafu mwambie akisimama timu yake inaumia." Kumbe sharti lilitoka Dodoma. Nimecheka peke yangu mpaka mama yako akaja kuniangalia.

Yeye bado amenuna. Padri alipowasimamisha watu wote ili mbarikiwe, mimi nilibaki nimekaa. Alinifinya, sikusimama. Anadhani nilizidiwa na maumivu nikamficha. Mguu haukuuma hata kidogo. Mlikuwa mmesimama pale mbele, wewe na Allan, mmeanza vizuri.

Sharti najua sasa ni la uongo. Siku ile sikujua, na hata ningejua, nisingenyanyuka.

Baba yako,
Melkiori