Maji ya Kuoshea Dhahabu

Mwita mdogo wangu,

Nina miaka sabini na nane. Nimezishinda njaa, nzige, na madaktari wawili walioniambia nitakufa. Wao ndio wamekufa. Kwa hiyo nisikilize kabla hujauza ile miti yetu ya juu ya chemchemi. Yule simba uliyenionyesha kwenye picha kabla sijasafiri, huku sikumwona. Nimeona wajinga.

Hapa machimboni wamekata msitu wote wa mlimani, magogo wakayasimika ndani ya mashimo ili kuta zisiporomoke. Sasa kijito kilichotoka chini ya msitu kimekauka. Mawe ya dhahabu wameyasaga, yamerundikana kama kichuguu, na maji ya kuyaoshea hawana! Wanakalia utajiri wao wakitazama mawingu. Mama Bhoke aliyenipikia ugali alinipa maji nusu kikombe, akasema, "Nawa mkono wa kulia tu, babu."

Mwenye shimo mmoja akaniuliza, "Shikamoo mzee, mvua itanyesha lini?" Nikamjibu, "Marahaba. Muulize msumeno wako." Wenzake walicheka mpaka wakakohoa.

Miti yetu inatupa asali, dawa, kivuli cha ng'ombe na maji. Okota kuni zilizoanguka, kama baba alivyotufundisha, lakini shoka usilipeleke kule.

Wasalimie wajukuu, na yule fahali wangu mwekundu usimlimishe sana, nakupenda lakini nakujua. Ukibisha, shahidi wangu ni Marwa, tajiri uliyemwahidi miti. Nimemkuta hapa. Magogo hataki tena. Ameniuliza kama chemchemi yetu bado inatoa maji.

Kaka yako, Nyamhanga