Mwalimu wa Kwaya Ashika Kalamu

Kisongo, Arusha
Jumatatu, 15 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Agnela,

Nakusalimu wewe, shemeji Allen na watoto. Vipi baridi ya Tukuyu? Huku kwetu mwezi huu ni makoti mchana kutwa, na mlima hatujauona wiki nzima kwa mawingu. Mama anaendeleaje? Wifi yako Rachel ameniambia macho yamegoma kabisa, hata mwanga haoni tena, na wajukuu anawatambua kwa kuwapapasa vichwa. Nimeumia sana. Sisi tupo. Nikisema wazima nitakuwa muongo, na uongo umetosha.

Najua umenuna. Ujumbe wako niliusoma, ule wa kwamba nimekuwa bosi siku hizi, simpigii simu hata mama yangu mzazi. Sina sauti, Agnela. Simaanishi imekauka. Mwezi wa nne madaktari walinipasua shingo wakatoa kisanduku chote cha sauti kwa sababu ya saratani, na sasa napumulia tundu lililo chini ya koo. Hairudi tena hiyo. Nimekuandikia kwa mkato kwa sababu nikianza kuzunguka nitashindwa. Ile semina ya Dodoma aliyokuambia Rachel haikuwepo. Mimi ndiye niliyemtuma akudanganye, usimgombeze.

Utauliza ilikuwaje. Ilianza kukwaruza kabla ya Krismasi, na sisi watu wa kwaya sauti ikikwaruza hatuendi hospitali. Tunaambiana imechoka, basi. Tunapeana tangawizi, asali na yai bichi, tunaendelea na mazoezi. Mmoja wa besi wangu aliniletea mafuta ya kondoo, akaapa kwamba babu yake aliimba nayo mpaka uzeeni. Nikanywa, mjinga mimi. Mashindano ya Pasaka yalikuwa yanakaribia, na ningemwachia nani watu arobaini? Tulishika nafasi ya pili. Nilirudi nyumbani nikitema damu, na hapo ndipo nikakubali kupelekwa hospitali.

Hebu sasa nifikirie mimi na kalamu! Wewe unanijua kuliko wote. Si mimi niliyekuwa nakupalilia sehemu yako ya kahawa kule kwa Baba ili uniandikie insha, na ulikuwa nyuma yangu madarasa mawili? Nyimbo zangu zote nilizitunga kwa mdomo, Rachel akaandika. Nikipewa karatasi herufi zinatawanyika kama kuku walioona mwewe. Nimefika miaka hamsini na mbili hivyo hivyo, na sikuona hasara yoyote.

Huko wodini kulikuwa na nesi mmoja wa Rombo, Skolastika, mtu asiye na mchezo. Nikimwashiria kwa mikono anageuka anaondoka. Alinitupia daftari akaniambia kwamba mikono ile ni ya kuongozea kwaya, yeye si mwanakwaya, niandike. Neno langu la kwanza lilikuwa maji, na nilitamani kulia kwa hasira. Siku ya tatu, kwa uchungu tu, nikaandika kwamba uji wao lazima unapikwa na mtu aliyegombana na sukari tangu utotoni. Skolastika akaisomea wodi nzima. Mzee wa kitanda cha jirani alicheka mpaka akashika mshono wake akiomba tumhurumie. Nikashangaa. Kumbe! Kesho yake niliitafuta kalamu kabla ya chai.

Niliporudi nyumbani nikaendelea. Mchana mmoja Rachel alikuwa anachambua maharage, nikamwandikia kwamba siku ile ya tamasha la kwaya kule Makumira, aliposimama kwenye alto na kitenge chake cha kijani, nilipoteza mapigo mbele ya watu wote nikawasingizia waimbaji wa teno. Miaka ishirini na sita ya ndoa sikuwahi kumwambia. Unajua wanaume wa kwetu, maneno kama hayo tungeyatamkia wapi? Nilidhani atacheka. Rachel ana sauti ya kuuza ndizi soko zima, angeweza kunijibu kwa mdomo. Lakini alifuta mikono, akachukua kalamu, akaandika chini ya maneno yangu. Alichoandika hakikuhusu. Tuliandikiana hivyo mpaka maharage yakaungua. Nafurahia kuandika, Agnela. Nimekiri, na unicheke upendavyo.

Lakini usinifariji kwa hilo, tafadhali. Wanaokuja kuniona wote wananiambia nimshukuru Mungu nimepata kipaji kipya, na natamani kuwafukuza. Furaha yenyewe inadumu kalamu ikiwa mkononi. Nikiiweka chini, mimi ni mwanamume anayefoka hewa kupitia shingoni. Mwezi uliopita nilikwenda ibadani nikakaa benchi la nyuma. Besi wakaanza kushuka, wanashuka tu, na Dismasi niliyemwachia kwaya hasikii. Nikafungua mdomo niwarudishe. Wapi! Nikatoka kabla ya mahubiri, na sijarudi tena. Kuna asubuhi naamka nikiwaza kwamba ingekuwa heri wangeniacha na sauti yangu, tukazikwa pamoja. Rachel hajui kama nawaza hivyo.

Sasa lile lililonifanya nikuandikie. Kwa kalamu hii naweza kumfikia kila mtu, hata mchungaji, hata wewe huko Tukuyu. Mama simfikii. Nimwandikie nini mtu asiyeona?

Wewe unadhani simu yake sipokei. Napokea. Kila Jumapili, ukiwa bado kanisani, anabonyeza ile namba uliyomwekea, na mimi napokea. Anaita Elinami, halafu anangoja shikamoo yangu, maana mama hawezi kuanza habari na mtoto ambaye hajamwamkia. Mimi nagonga simu kwa ukucha. Anaulaumu mtandao wa Arusha, anaita tena, anangoja tena. Nabaki kwenye laini nikimsikiliza anavyopumua, mpaka anakata. Sijawahi kukosa adabu kwa Mama maisha yangu yote, na sasa namkosea kila wiki.

Nilikaa kukuandikia ili nikuombe umfiche Mama, kwamba moyo wake hautaweza. Lakini jana alipiga. Akaita jina langu, akangoja. Mungu ni shahidi wangu, niliitamka shikamoo yote kwa midomo, hakikutoka kitu. Safari hii hakuulaumu mtandao. Aliitikia marahaba, mwanangu, akakata.

Basi msomee barua hii. Ile sehemu ya asubuhi zangu iruke. Soma taratibu, na ukilia toka nje kwanza, kwa sababu atakusikia.

Salamu nyingi kwa shemeji na watoto, na Rachel anawasalimu sana.

Ni mimi kaka yako,
Elinami